Ng'ombe Mzima kwa Kampire

Straton alitaka ng'ombe mzima awe mahari ya binti yake. Hakutaka pesa, hakutaka mbuzi, hakutaka ahadi. Alitaka ng'ombe mwenye pembe zote mbili, masikio yote mawili, mkia mpaka nywele za mwisho, na chuchu nne zinazotoa maziwa. Ndivyo baba yake alivyotoa mahari, na babu yake kabla ya hapo. Sisi wote tuliokimbilia kambi ya Lushebere mwaka ule tulijua kwamba ng'ombe wa namna hiyo hayuko.

Wenye silaha walipopanda kwenye vilima vyetu upande wa Ngungu, waliswaga ng'ombe waliotembea vizuri. Waliokaidi waliwapiga panga: mguu, mgongo, mkia. Kwa hiyo ukiona ng'ombe ana kovu, ujue bado ni wa mwenyewe. Ukiona ng'ombe hana hata mkwaruzo, ujue ni wa mtu mwenye bunduki, au wa mtu aliyenunua kwa mwenye bunduki. Hakuna aliyehitaji kusoma sana ili kulielewa hilo.

Rafiki yangu Sebahire alibaki na ng'ombe mmoja, Gaju. Walimkata mkia karibu na shina na kipande cha sikio la kushoto, wakamwacha wakidhani atakufa. Hakufa. Alitembea nasi mpaka Lushebere, nzi wakimla mgongo wote kwa sababu hakuwa na kitu cha kuwafukuzia, na akazaa ndama palepale kambini. Maziwa yake ndiyo yaliyolea watoto wa Sebahire na wajukuu wa jirani zake. Yaliyobaki nilichukua mimi kwenye bido langu, dumu la plastiki, na kuyauza mjini Masisi sante, maana kazi yangu ni kuchukuza maziwa kwa baiskeli.

Mtoto wa kwanza wa Sebahire, Ntwari, alimtaka Kampire, binti wa Straton. Kampire naye alimtaka. Hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu habari za Kampire kila mtu alizijua na hakuna aliyezisema. Siku ile ya Ngungu alikuwa anakamua. Wakamchukua pamoja na ng'ombe wa baba yake ili awaswage mbele yao, wakaingia naye msitu wa Walikale. Alikaa huko kiangazi chote. Akarudi peke yake, kwa miguu, amekonda, akaenda mtoni kuchota maji kama aliyetoka kulala. Baba yake hakumuuliza neno. Mama yake alikuwa amekwisha kufa.

Ntwari alijua yote hayo na alisema hayamhusu. Sebahire alisema kama hayamhusu Ntwari, yeye ni nani. Mkewe Daphrose hakusema kitu. Wakanichagua mimi niwe msemaji wao, kwa sababu, walisema, sijui kuzungusha maneno, na wakati wa vita watu hawana siku nzima ya kuzungushwa.

Nikaenda kwa Straton pamoja na Ntwari na wazee wengine. Nikamwambia tunaye Gaju, anakamuliwa vizuri, ana ndama, tutatoa wote wawili. Straton akatuhurumia kwanza. Akauliza habari za mguu wa mzee huyu, kikohozi cha yule. Halafu akakataa. Nikamkumbusha kwamba naye hana ng'ombe hata mmoja, amelala chini ya bashi, turubai la msaada, kama sisi, na ng'ombe asiye na mkia hukamuliwa sawa na mwenye mkia. Akangoja nimalize.

"Papa Léontine," akaniambia, "weye uko na binti. Sikia. Nikipokea ngombe yenye kukatwa, kesho kambi yote itasema Straton alipewa ngombe yenye kufanana na mutoto wake. Balimupima, bakaona njo bei yake. Baniletee ngombe nzima, ao Kampire anabaki hapa."

Ntwari alitazama chini. Nyuma ya bashi tulisikia mtu anatwanga mihogo, halafu tukasikia ameacha kutwanga.

Njiani Ntwari alisema angemtorosha. Nikamwambia akimtorosha atakuwa amefanya kama wale wa msituni, na watu watahesabu ni mara ya pili. Alikasirika, lakini hakumtorosha.

Ng'ombe wazima walikuwa Kalembe. Huko ndiko mifugo ya wizi ilikopita ikienda Walikale kuwa nyama ya wachimbaji wa madini, na huko alikaa Kataliko, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka na lori. Aliwauzia wachimbaji sabuni, chumvi, betri na samaki wakavu. Wenye silaha pia walichukua vitu kwake, na wakati hawakuwa na pesa walimlipa kwa ng'ombe. Alikuwa mtu wa kanisa, hakukosa misa, na nje ya duka lake alikuwa amejenga boma zuri kuliko nyumba zetu zote.

Tulikwenda Sebahire, Ntwari na mimi, tukimswaga Gaju na ndama wake kupitia Nyabiondo. Kila bariyeri iliyofunga njia, walinzi walitucheka. Kwenye mojawapo mlinzi alimzunguka Gaju nyuma, akasema huyu naye ni mwanajeshi aliyestaafu, apite bure.

Kataliko alitupokea vizuri. Alitupa chai na mikate. Tulipomweleza, alicheka mpaka akafuta macho.

"Miye kwangu nyama haina mukia," akasema. "Wachimbaji banakula, habaulizi mukia iko wapi. Muniachie hii mama na mutoto wake, muchague moja mule ndani. Mutu mungine angewapa mbuzi."

Sebahire alimuuliza ng'ombe wake wametoka wapi. Kataliko akamjibu bila hasira kwamba ng'ombe hana kitambulisho, na kama tunataka kujua baba na mama wa kila ng'ombe, twende parokiani tukatafute vyeti vyao vya ubatizo. Tulikuwa tumetembea mbali mno kukasirika. Tukaingia bomani.

Sebahire alichagua jike mwenye wekundu uliokoza, pembe ndefu zilizopinda sawa, mkia safi. Alitembeza mkono mwili mzima, akafungua mdomo, akakamua kidogo kila chuchu kwenye kiganja. Hakupata kasoro. Kijana wa boma alisema mkubwa mmoja wa msituni alimweka huyo kwa ajili ya maziwa yake mwenyewe, hakutaka achinjwe, mpaka deni lake la dukani lilipozidi. Sebahire akasema basi, huyu.

Gaju alipofungwa, ndama alimfuata na kusimama chini yake, akanyonya. Sebahire aliondoka mbele bila kugeuka. Kataliko alimfunga yule mwekundu kitambaa cha bluu kwenye pembe. Kwenye bariyeri walijua kitambaa kile, na hakuna aliyetucheka wala kutugusa. Ndipo niliposadiki kwamba tumenunua ng'ombe mzima kweli.

Sherehe ilifanyika Jumamosi, kwenye uwanja ule ambako huwa tunagawiwa unga. Wanawake walikuwa wamepika maharagwe, na kasiksi ilipatikana, sijui kwa njia gani; watu wetu hukosa chumvi lakini ndizi za pombe hazikosekani. Straton alikopa koti. Alikuwa na msemaji wake, mzee Benoît, fundi wa mizaha, aliyetuuliza tumetoka wapi, labda tumepotea njia, maana yeye hajasikia kama humu kuna msichana. Nikamjibu tumeona ua chini ya bashi nambari fulani. Akasema bashi zote zinafanana, tusije tukaondoka na mkewe. Watu walicheka. Kwa muda mfupi ilikuwa kama zamani kule juu.

Halafu ikafika saa ya kuonyesha ng'ombe. Kwa desturi, upande wa binti humtuma mtu wao akamkague ng'ombe, amguse, amsifu kwa sauti, halafu arudi kusema kama amemkubali. Kwa kawaida huwa ndugu wa baba. Ndugu za Straton wote walikuwa wamekufa, kwa hiyo alikwenda mwenyewe, na fimbo.

Alimtazama kwa mbali kwanza. Akasimama. Mimi nilidhani anafurahi. Akamkaribia, akaweka mkono shingoni, na ng'ombe akasukuma kichwa chake chini ya kwapa la Straton, akakiacha pale.

Mtu anayesifu ng'ombe asiyemjua husifu anachokiona: pembe, rangi, mwendo. Husema umepamba uwanja huu, umewaaibisha majirani. Hana zaidi ya hayo, hawezi kuwa nayo. Straton alifungua mdomo, na maneno yaliyotoka hayakuwa hayo. Alimwita Bihogo. Alimwita mtoto wa Rugori, aliyezaliwa mvua ya mawe ikipiga, aliyevuka mto kabla ya mama yake. Alitaja kilima. Zilikuwa sifa alizomtungia mwenyewe alipokuwa ndama, na alikuwa amemwimbia kila jioni miaka mingi, kwa hiyo ulimi ulitangulia na akili ikabaki nyuma. Alikuwa amefika kwenye jina la bibi wa ng'ombe aliposikia anachosema, akanyamaza.

Uwanja mzima ulikuwa wa wafugaji. Hakuna hata mmoja asiyeelewa. Mzee Benoît alikunywa kidogo, akaweka mrija chini taratibu sana. Sebahire alikuwa karibu nami, nilimsikia anapumua.

Kwenye desturi yetu huwezi kumlipa mtu kwa mali yake mwenyewe. Huyo hajalipwa. Straton akisema huyu ni wangu, harusi imekwisha, Sebahire anaitwa mnunuzi wa wizi mbele ya watu, na Gaju amekwenda bure. Akinyamaza, anampeleka binti yake kwa watu kwa ng'ombe ambaye tayari ni wake. Alisimama pale na koti la kuazima, mkono shingoni mwa ng'ombe.

Halafu akarudi mahali pake, akakaa, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Nimeiona. Ngombe iko nzima. Haina kilema."

Mzee Benoît akapiga makofi. Watu wakapiga makofi. Tukainywa kasiksi yote.

Kampire alitolewa nje na wanawake, amefunikwa kitenge kipya. Alipita karibu na ng'ombe aliyekuwa anamkamua siku ile ya Ngungu, aliyemswaga mpaka msituni. Bihogo alilia. Kampire hakugeuza kichwa. Alikwenda akakaa karibu na Ntwari, na mikono yake ilikuwa imetulia kabisa juu ya magoti.

Siku chache baadaye nilimkuta Straton anakamua. Alikuwa ameniwekea maziwa ya kuuza, mengi, yenye povu. Nilimuuliza bila kuzunguka kwa nini hakusema. Hakuacha kukamua.

"Ngombe iko yangu, mutoto iko yangu," akasema. "Bote balichukuliwa siku moja. Ulitaka nifanye nini? Niseme ukweli, nibaki na ngombe bila bwana-arusi? Hapa sasa Kampire iko kwa bwana, na batu baliona iliingia ngombe nzima. Unataka nini zaidi?"

Nikamwambia waliona pia ng'ombe ni wa nani. Akasema kuona si kusema. Mtu akinyamaza mbele ya watu wengi, akasema, nao wamenyamaza pamoja naye, na neno lililonyamaziwa na wengi linakufa. Mimi niliyabeba maziwa yangu nikaenda. Nilijua halifi. Neno la namna hiyo hungoja njaa.

Na njaa ilikuja. Kwa Sebahire hapakuwa tena na Gaju. Watoto wadogo walizoea maziwa, sasa walilia asubuhi na jioni, na Daphrose aliwapikia uji wa maji. Unga wa msaada ulichelewa. Kila siku nilipita na bido langu, nikitoka kwa Straton, na Daphrose alilitazama bido lile. Nilimpimia kidogo bure mara kwa mara. Alishukuru kwa midomo tu.

Siku moja nilikuwa mlangoni kwao. Kampire alimpa shemeji yake mmoja mdogo kiazi cha mwisho sufuriani, na Daphrose alikuwa amekiweka kwa ajili ya Sebahire. Jambo dogo. Daphrose alianza kwa sauti ya chini. Alisema kuna wanawake walioingia nyumbani kwa watu na kitu, na kuna walioingia bure. Sebahire akamwambia anyamaze, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu Daphrose akamgeukia Kampire usoni.

"Miye nilitoa Gaju na mutoto wake," akasema Daphrose. "Baba yako alipata nini? Alipata ngombe yake. Basi weye hatukukuoa. Balikuokota tu, kama bale ba pori."

Ntwari alikuwa shambani kwa watu, anafanya kibarua. Sebahire aliinua mkono, akaushusha. Kampire aliosha sufuria. Aliiosha vizuri, akaifudikiza chini, akafuta mikono. Halafu akatoka.

Nilimfuata kwa sababu nilidhani anakwenda mtoni. Alikwenda kwa baba yake. Straton alikuwa amekaa nje anachonga mpini. Kampire alifungua kamba ya Bihogo bila kumsalimu, akamvuta katikati ya bashi za watu, na watu walitoka kutazama. Straton akainuka, akafuata kwa nyuma na ule mpini mkononi. Walipofika karibu na kwa Sebahire, Kampire alisimama njiani. Hakupiga kelele. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kabla ya hapo.

"Papa Sebahire, hii njo ngombe mulitoa. Papa, hii njo ngombe balikunyanganya. Mwenye anajua iko ya nani ashike kamba. Miye balinipima ya kutosha."

Akaiachia kamba chini.

Sasa fikiri. Sebahire akiishika, amerudishiwa mahari, maana yake ndoa imevunjika, amemfukuza mke wa mwanawe. Straton akiishika, amekiri mbele ya kambi nzima kwamba ng'ombe ni wake, hakupokea kitu, na binti yake alitolewa kwa ng'ombe wa uongo. Wazee wawili walisimama huku na huku. Bihogo alikuwa katikati, anakula maganda ya ndizi. Nilimwambia Straton ashike. Nilimwambia Sebahire ashike. Nikawatukana wote wawili kwa jina. Hakuna aliyesogea. Kampire aliwatazama, kwanza mmoja, kisha mwingine, akiwapa muda, naona sasa kwamba aliwapa muda mwingi kuliko walivyostahili. Kisha akapandisha kitenge chake begani akashika barabara ya Masisi sante.

Ntwari alirudi kutoka shambani akamkuta ng'ombe njiani na watu wamezunguka. Alipoelezwa hakuuliza zaidi. Aliweka jembe chini mbele ya mama yake na kukimbia kumfuata mkewe.

Wazee walibaki. Jua lilikuwa bado juu. Wanaume wenye silaha walipita, sikuuliza wa upande gani, walikuwa wanatoka kuchota maji. Mmoja aliona ng'ombe aliyenona amesimama bila mtu, kamba inaburuta. Aliuliza, kwa heshima kabisa, ng'ombe huyu ni wa nani.

Straton alimtazama Sebahire. Sebahire alimtazama Straton.

Yule mtu aliuliza tena. Alisema kama ana mwenyewe aseme, wao si wezi. Nusu ya kambi ilikuwa pale. Nikafungua mdomo mimi, nikasema ni wa yule mwanamke anayepanda barabara ile. Akatazama barabara, Kampire alikuwa amekwisha kupita kona. Akanicheka, akasema mwanamke hana ng'ombe, akaokota kamba. Wenzake walimsifu ng'ombe, ngozi, pembe, mkia mrefu. Bihogo aliwafuata bila taabu, alikuwa amezoea watu wa namna ile.

Hapo ndipo Straton alipoanza kukimbia, akiita sifa zake zote, za mama na za bibi. Walimwonyesha bunduki mara moja tu, akasimama.

Kampire na Ntwari wako Masisi sante. Wamepanga chumba nyuma ya soko. Yeye anauza mkaa, mumewe anapasua mbao. Hawajarudi Lushebere na hawajamtuma mtu. Ninawaona ninapopeleka maziwa, maziwa ya watu wengine sasa, na nikiwa na kikombe kilichobaki ninampa Kampire. Anakunywa akiwa amesimama. Hajaniuliza habari za baba yake wala za ng'ombe.

Straton ananiuliza kila nikirudi kama nimemwona. Ninamwambia nimemwona, mzima. Sijamwambia kwamba ana mimba, na inaonekana. Nikimwambia, yeye na Sebahire watakutana siku hiyohiyo, baada ya miezi yote hii bila salamu, na ninajua watakachozungumza: mtoto ni wa ukoo gani, kama mahari yalilipwa au hayakulipwa. Watanitaka mimi niwe shahidi.